Chupa Zisizo na Lebo

Bibi alitengeneza mafuta ya nywele, na mafuta mazuri hayakai kwenye chupa chafu. Kwa hiyo kila Ijumaa alijaza beseni maji ya moto, akaloweka chupa ndogo za kahawia alizoletewa na watoto wa shule, kisha akakaa kwenye kigoda chake kuzisugua moja moja.

Kazi iliyomchosha ilikuwa kubandua lebo. Gundi ya siku hizi haina adabu. Unakwangua kwa kisu, unakwangua kwa kucha, yenyewe inang'ang'ania kama kupe. Lakini tangu muhula uanze, chupa zilikuja zimeshabanduliwa, safi kabisa. Aliyezileta nyingi kuliko wote alikuwa mjukuu wake wa miaka kumi na sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo.

"Mmenibandulia nyinyi wenyewe?" Bibi aliuliza siku ya kwanza.

"Tumekuonea huruma, Bibi. Kucha zako zimeisha."

Bibi alifurahi mpaka akampigia simu mama yake Chiriku, aliyefanya kazi mji mwingine. "Mwanao ana moyo," alimwambia. "Wewe umri wake hata kikombe ulikuwa huoshi."

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Chiriku alikuwa amepunguza maneno. Alirudi kutoka shule, akala vijiko viwili vitatu, akajilaza. Bibi alidhani ni masomo.

Jumamosi moja, saa sita mchana, alikwenda kumwamsha aje ale. Alimwita mara tatu. Akamtikisa. Mtoto alifungua jicho moja, akalifumba tena. Midomo ilikuwa imepauka. Bibi aliinamisha sikio kifuani pake. Pumzi iliingia, ikakaa huko ndani muda mrefu kuliko inavyopaswa, ndipo ikatoka. Chini ya mto kulikuwa na chupa ndogo ya kahawia, tupu, lebo yake ikiwa bado ipo.

Jirani yao, fundi seremala, aliacha msumeno umekwama kwenye ubao, akamlaza Chiriku kwenye pikapu yake ya kubebea milango. Alivua shati akalikunja likawa mto. Njia nzima hadi hospitali aliendesha kifua wazi, honi ikilia.

"Amekunywa nini?" muuguzi aliuliza.

Bibi alimpa chupa. Muuguzi akasoma. "Dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja ni dawa, mama. Chupa nzima inalaza mpaka pumzi. Wengine tunaletewa wakiwa wameshachelewa."

Bibi hakuwa anamsikia tena. Alikuwa anaitazama ile chupa: shingo fupi, kitako kinene, alama ya nyota chini yake. Nyota hiyo aliijua. Alikuwa amezisugua arobaini na tatu kama hiyo, na zote zilikuwa kwenye rafu nyumbani zimejaa mafuta. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini zililetwa zimebanduliwa.

Alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi za mjukuu wake kwa vidole. Muuguzi alimletea chai bila kuombwa, akaitia sukari, akakoroga kabisa.

Chiriku alipopata nguvu ya kusema, alisema hivi: "Ni ya kutuliza kichwa tu, Bibi. Sisi tunaiita kijiko."

"Kijiko mlikiona wapi? Mnapiga tarumbeta chupa nzima!"

"Kila mtu anakunywa."

"Huyo kila mtu mimi simjui. Nakujua wewe."

Jumatatu, Chiriku akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, Bibi alimimina mafuta yote ndooni, akaosha chupa, akazipanga kwenye beseni na kwenda nazo kwenye duka la dawa mkabala na shule, ambako Chiriku alikiri kwamba walikuwa wanazinunua. Muuzaji alivaa koti jeupe, na watu walimwita Dokta. Bibi hakuwa na kinyongo naye. Mwaka uliopita Dokta alimfunga kidonda cha mguu bure, na wiki nzima akawa anamuuliza mguu unaendeleaje. Ndiyo maana alilitua beseni juu ya kaunta taratibu, bila kulibamiza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekurudishia vyombo vyako. Arobaini na tatu. Cha arobaini na nne nimekikuta chini ya mto wa mjukuu wangu. Kidogo nimzike."

Dokta aliwatazama wateja, akachekea puani. "Mimi nauza dawa ya kikohozi, Bibi. Mtu akija anaumwa nimfukuze?"

"Ulimsikia akikohoa?"

"Siwezi kumwambia kila mtu akohoe!"

"Basi nitawaambia mimi."

Akatoka na beseni lake, akaketi sakafuni mlangoni, miguu kainyoosha. Dokta akampigia kelele mlinzi wa duka amwondoe. Mlinzi alikuja, akamtazama, akarudi ndani, akatoka na kiti chake mwenyewe.

"Kaa hapa, mama. Sakafu hiyo ina baridi."

"Nimekwambia umwondoe!"

"Ndiyo, bosi. Nimeshamwondoa sakafuni."

Kengele ya shule ilipolia, sare zikaanza kuvuka barabara. "Nani anakohoa?" Bibi alimuuliza kila mmoja. "Kohoa nikusikie." Wengine waligeuza njia. Wengine walicheka. Siku ya pili walishampa jina, Bibi Koho-koho, na wimbo juu yake.

"Unaniharibia biashara," Dokta alimwambia. "Nitaita polisi."

"Waite. Watakuta bibi kizee na beseni la chupa. Wewe ndiye utakayewaeleza nani alizinywa."

Hakuwaita. Lakini nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi.

"Unaniaibisha!" Chiriku alimpigia kelele. "Shule nzima inacheka!"

"Wacheke. Anayecheka anapumua."

"Si nimeshakwambia sinywi tena? Haitoshi?"

"Ulishaniambia pia kwamba unanihurumia kucha."

Chiriku akaubamiza mlango wa chumba chake. Siku tatu alikula peke yake huko ndani. Kila alipojilaza, Bibi alisogea mlangoni kusikiliza kifua chake. Neno lake angependa kuliamini, lakini alikuwa ameshaliamini mara moja.

Ijumaa alasiri Bibi alimwona Chiriku anavuka barabara, mkoba begani, na rafiki yake mrefu waliyemwita Twiga. Walikuwa wanakuja moja kwa moja dukani. Bibi alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Huyu naye nitamuuliza, alijiambia. Hata akinichukia.

"Nani anakohoa?" aliuliza, kama alivyowauliza wengine wote.

Chiriku alipiga magoti. Akatoa mkobani chupa iliyojaa, kifuniko hakijafunguliwa, akaisimamisha katikati ya zile tupu.

"Niliificha kwenye gunia la mkaa kabla ya hospitali. Kila siku nilikuwa naiendea, naitazama." Akapangusa pua. "Sikuibandua, Bibi. Lebo yake hiyo hapo."

Bibi aliisoma, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Na kuhusu kucha," Chiriku akasema, "nilikuwa nakuhurumia kweli. Kidogo."

"Najua," Bibi akajibu.

Twiga alikuwa ameshaanza kunyata kuelekea mlangoni.

"Wewe, unakwenda wapi?" Chiriku akamrukia.

"Ndani. Nina kikohozi."

"Kohoa tusikie."

Twiga akajaribu.

"Hicho kikohozi au unaita mbuzi? Mimi nimelala hospitali na mpira wa oksijeni puani wiki iliyopita, we unaniletea maigizo? Rudi hapa. Rudi nikwambie pumzi inavyokataa kutoka!"

Akaanza kusimulia, na kusimulia, bila kufunga mdomo, na wanafunzi wengine wakasimama kusikiliza. Bibi alisogea, akamwachia nusu ya kiti.

Dokta akachungulia. "Sasa mmekuwa wawili?"

"Jumatatu tutakuwa wanne," Chiriku akamjibu. "Mlinzi, kaka yangu, tutafutie benchi."