Riwaya Isiyo na Risasi

Jumamosi asubuhi Fidèle alifunga nakala za riwaya yake kwenye keria ya baiskeli kwa kipande cha mpira, akaenda kuziuza soko la Kikula, katikati ya wauza sombe, yale majani ya muhogo, na wauza samaki wakavu. Enzi hizo watu wa Likasi walikuwa bado na majina yao ya ubatizo; Serikali ilikuwa haijayakataza. Fidèle alikuwa mkata tiketi wa sinema ya parokia, ameona makauboi wengi kuliko mapadri, na riwaya hiyo aliitunga mwenyewe. Ndani yake mfu mmoja anatoka machimbo ya Kakontwe juu ya farasi mweupe wa chokaa, anakuja mjini kumtafuta aliyemuua.

Mfu huyo alikuwa Zéphirin, na kila mtu alimjua. Mwaka uliotangulia, Kamanda Casimir, mkuu wa walinzi wa kiwanda kimoja cha nje ya mji, alimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka fuvu likafunguka, kisa kipande cha waya wa shaba. Hakuna aliyeulizwa kitu. Fidèle aliandika majina yote mawili bila kuyaficha, ila alipofika sura ya mwisho woga ukamshika. Mpanda farasi anachomoa bastola, anamtazama adui yake, anairudisha, anarudi machimboni. Mwisho.

Watu walinunua, wakasoma, wakaudhika.

"Farasi ni nzuri," alisema Mathieu kinyozi. "Lakini histoire, hadisi yenyewe? Bilashi. Cowboy bila masasi!"

Jumatatu yake, jua likishuka, Zéphirin alitoka Kakontwe juu ya farasi mweupe. Taksi-basi zilimpisha. Farasi aliacha unga barabarani mpaka mbele ya nyumba ya Kamanda Casimir, na hapo Zéphirin akachomoa bastola, akamtazama mwenye nyumba, akairudisha, akageuka. Kesho yake vilevile. Haikupita wiki, watoto wakamchoka, wakarudi kwenye mpira wao.

Mama yake, Émérence, hakuchoka. Alikwenda kwa Fidèle.

"Mutoto wangu anakuya kila siku na bastola. Juu ya nini hapigaka?"

"Mama Émérence, niliogopa."

"Weye njo unaogopa. Yee iko mufu, anaogopa nini? Andika apige."

Fidèle aliahidi, na kwa kweli alikusudia. Alikuwa hajamaliza hata sentensi moja Kamanda Casimir alipoingia na walinzi wawili, kwa kuwa naye alikuwa ameisoma riwaya. Walimvunja meno ya mbele. Vidole vya mkono wa kushoto walivikanyaga kimoja kimoja juu ya sakafu, bila haraka. Mkono wa kulia hawakuugusa, maana Kamanda alikuwa na kazi nao.

"Kitabu yako nilisoma," alisema Kamanda, akijipangusa kiatu. "Lakini acteur njo nani? Mufu? Weye unauzisha tiketi, hauyue? Acteur hakufwaka. Andika: acteur ni miye."

Fidèle aliijua sheria hiyo kuliko katekisimu. Kila Jumapili watazamaji waliipigia kelele ukumbini: acteur, yule bwana mwenye filamu yake, hafi hata anyeshewe risasi. Aliandika, damu ya mdomoni ikimdondokea kwenye karatasi.

Zéphirin alifika jioni kama kawaida. Casimir alikuwa barazani, sare imepigwa pasi. Alimpiga risasi ya tumbo, halafu ya shingo. Farasi alianguka akamwagika kuwa chokaa tupu. Zéphirin alichukua muda mrefu kufa, akikwaruza lami kwa kucha, kwa sababu Kamanda alikuwa ameagiza aya ndefu. Kesho yake akaja tena, akauawa tena.

Sasa watu walikuja na viti. Wauza karanga nao hawakukosa, na riwaya ikaisha sokoni. Mathieu kinyozi alikiri kwamba kitabu kimenoga. Inauma kusema, lakini ni haohao waliogaragara kwa kilio kwenye matanga ya Zéphirin.

Émérence alikuja kila jioni na beseni la maji, akamwosha damu na chokaa kabla hajayeyuka barabarani. Kitu kimoja kilimchoma kuliko risasi zote, na ndicho kilichomrudisha kwa Fidèle.

"Hanitambue. Ninamuosha uso, ananiangaria kama muntu wa njia."

Fidèle alipekua kurasa kwa mkono wake mzima. Ilikuwa kweli. Makauboi hawana mama, naye hakumwandika.

"Mambo ya kupiga, siulize tena," alisema Émérence. "Lakini uniweke mule ndani. Hata neno moja."

Aliandika. Kamanda aliikagua sentensi ile, hakuona ubaya wake.

Jioni hiyo Zéphirin alisimamisha farasi mbele ya baraza. Badala ya kuchomoa bastola aligeuza kichwa, akatafuta kwenye umati mpaka akamwona mwanamke mwenye beseni.

"Mama," alisema, "ulikula?"

Casimir alimpiga palepale, akiwa bado amegeuka, na risasi ikaingilia sikioni. Baadhi ya watu walipiga mluzi kulalamika kwamba safari hii imekuwa fupi mno. Émérence alipiga magoti, akalowesha kitambaa.

"Nilikula, mwana wangu," alimwambia. "Bukari na sombe."

Si ugali si mboga, hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Akaanza kumwosha, usoni kwanza, na watu wakabeba viti vyao wakarudi makwao.