Diski ya Kwaya Mbili

Ijumaa saa tisa mchana, Mama Honorine, kiongozi wa rozari, alishusha disjoncteur ya parokia kama alivyozoea, ili watu wanaoleta simu kuchaji ofisini wasisumbue maombi. Umeme ukakatika nyumba nzima. Kompyuta ya kwaya, ambayo haina betri, ikanyamaza. Symphorien aliyekuwa ameketi mbele yake akabaki akijitazama kwenye kioo cheusi.

Alikuwa katikati ya kuigawa diski.

Kwaya ya Kiswahili na kwaya ya Tshiluba zilitumia diski moja bila shida, mpaka Mama Delphine alipofariki. Alikuwa binti wa Kasai, kwa wasema Tshiluba, ameolewa na mtu wa Pweto, kwa wasema Kiswahili, na aliimba katika kwaya zote mbili kwa sauti iliyowafanya mapadri wasahau mahubiri yao. Sauti hiyo ilirekodiwa mara moja tu, ndani ya diski ile. Jumapili ingesikika kwenye misa ya kutoa kilio, yaani ya kumaliza msiba, mbele ya familia zote mbili. Kila kwaya ilisema rekodi ni yake. Mikutano ikafanyika, watu wakalia, mwishowe ikaamuliwa kila kwaya iwe na upande wake wa diski, na rekodi iwekwe pande zote mbili. Kazi akapewa Symphorien, mshona suti aliyekuwa akisoma informatique jioni. Mwalimu wake husema kila siku: nakili kwanza. Symphorien alikuwa amesali kwanza, akasahau kunakili.

Rozari ilipokwisha, umeme ukarudi. Kompyuta ikawaka, ikaandika kwamba haioni chochote cha kuanzia, ikaishia hapo.

"Mama Honorine, ulifanya nini?"

"Nililomba, Papa. Na weye, saa ya maombi ulikuwa unafanya nini?"

Symphorien akaigeukia kompyuta. Alikaza nyaya. Alifungua kasha, akapuliza vumbi, akafunga. Akaingia kwenye mipangilio ya mashine na kulikuta jina la diski mahali pake. Kwa hiyo diski haikufa. Akachomeka clé, flashi aliyopewa darasani, akaiwasha kompyuta kwa njia hiyo, na sasa akaweza kuchungulia ndani. Diski ilikuwa na pande mbili nzuri, zilizo sawasawa. Zote mbili tupu.

Marais wa kwaya walikuwa wamekwisha kufika: Papa Mardochée wa Tshiluba na Mama Chileshe wa Kiswahili.

"Ni nani alikata courant?" aliuliza Papa Mardochée.

"Ni mi," alisema Mama Honorine. "Juu ya Bikira Maria."

Papa Mardochée akaliacha swali hilo.

"Symphorien, iko namna gani?" aliuliza Mama Chileshe.

"Diski iko muzima, Mama. Inasahau tu kama iko na bintu ndani."

"Iko sawa na baba yangu muzee."

Symphorien aliwaeleza kwamba mashine iliandika mipaka mipya kabla ya kugusa nyimbo. Huenda nyimbo bado zimo. Kuna programu ya kutafuta alama za mipaka ya zamani, lakini huchukua muda, na umeme usikatike tena.

Kesho yake asubuhi akaianzisha. Mama Honorine alileta kiti, akakaa chini ya disjoncteur na rozari mkononi, asimruhusu mtu kuigusa wala kuchomeka kitu kingine. Padri alipokuja na pasi yake, aliambiwa avae vile vile.

Mchana programu ikasimama. Ilikuwa imepata mpaka wa zamani, mmoja, mzima. Symphorien akafungua orodha, akaona jina la Mama Delphine. Akafanya ishara ya msalaba, akawageukia marais.

"Nikirudisha ule wa zamani, pande zenu mbili zinapotea. Itakuwa diski moja, na mama ndani. Nikiacha hivi, kila mtu iko na upande wake, lakini iko mutupu."

Papa Mardochée akakohoa.

"Ule mutupu... wetu na wao, mukubwa ni wa nani?"

"Papa Mardochée!" alisema Mama Chileshe. "Na weye!"

"Nauliza tu."

"Iko sawasawa, Papa," alisema Symphorien.

Papa Mardochée alisogea karibu na kompyuta. "Basi rudisha," alisema. Mama Chileshe akaitika kwa kichwa.

Symphorien akabonyeza, akachomoa clé, akazima, akawasha. Kompyuta ikajifikiria, halafu ikafunguka kama zamani, na picha ya Moyo Mtakatifu nyuma ya mafaili. Akanakili rekodi kwenye clé mbili, akampa kila rais ya kwake. Wote wawili wakazitia mfukoni, ila hakuna aliyeondoka.

Ndipo akaifungulia ile sauti.

Kwenye ubeti wa kwanza, Papa Mardochée alivua miwani.

"Irudilie," alisema.

"Acha amalize kwanza," alisema Mama Chileshe.

"Hapo mwanzo njo pa muzuri."

"Pa muzuri ni mwisho, Papa. Hauyui hata wimbo."

"Mi? Huyu mama ni dada yetu!"

"Dada yenu, muke yetu!"

Walibishana hivyo mpaka wimbo ukaisha bila wao kusikia ubeti wa mwisho, na Symphorien akalazimika kuupiga tena tangu mwanzo.