Ubao wa Chekechea

Fundi Brashi aliushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akabana pumzi, akaivuta K ya CHEKECHEA. Mstari ulianza wima, ukameguka katikati, na rangi nyekundu ikachuruzika hadi ukingoni mwa ubao. Akaguna. Ilikuwa mara ya nne.

Kwa miaka thelathini na tano alikuwa ameandika vibao vya maduka ya dawa, saluni na mahakama, na hakuna aliyewahi kumpimia mstari kwa rula. Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Daktari alimpa vidonge na pole. Wateja wakayeyuka mmoja mmoja, akabaki mwenye ukumbi wa sinema za kutisha.

"Herufi ndizo hizi, Mzee! Mtu akiziona tu, nywele zinamsimama!"

Huyo akazipeleka kwa mchapaji wa mabango, naye akazipiga picha zote, A hadi Z, akazitia kwenye kompyuta. Tangu hapo zilizagaa mji mzima: kwenye mabango ya mizuka, kwenye fulana za vijana, hata kwenye mlango wa transfoma, juu ya fuvu la kichwa. Watu walimpongeza. Fundi alicheka nao, ila moyoni aliumia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Usitazame kwanza."

Lakini binti yake alikuwa ameshatazama. Jumatatu alikuwa anafungua shule yake ya watoto wadogo, na alikwishaapa kwamba ubao wake hauandikwi na mtu mwingine.

"Umependeza," alisema.

Fundi ndiye aliyemfundisha kusema, hivyo sauti yake ikidanganya aliijua.

"Mwambie mchapaji akutengenezee mwingine. Sitakasirika."

"Nimesema umependeza, Baba. Njoo unywe chai, imeshapoa."

Jumatatu asubuhi Fundi alisimama ng'ambo ya barabara, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Ubao ulikuwa juu ya geti, na chini yake binti yake, gauni jipya, tabasamu tayari. Akaja mama mmoja na mtoto mwenye mkoba uliomzidi mgongo. Mtoto akainua macho. Miguu ikagoma.

"Mama, humu kuna zimwi!"

"Zimwi gani, wewe? Hebu twende."

Mtoto alipiga yowe, akakumbatia nguzo ya geti kwa mikono miwili. Mama alimbembeleza, akamfokea, mwishowe akambeba begani na kurudi naye walikotoka. Wengine wawili waliokuwa nyuma yao nao wakaanza kulia, bila hata kujua wanalilia nini.

Binti yake alibaki getini, mikono bado ameikunjua ili kuwapokea watoto. Hapo akamwona baba yake. Akatabasamu na kumpungia, kama mtu ambaye mambo yanamwendea vizuri.

Fundi naye akauinua mkono wake wa kulia. Ukatetemeka hewani, haukomi, na kwa mbali ungedhani anapunga kwa furaha.