Sponji ya Sofa Ndani ya Raba

Mjukuu wangu tunamwita Ngazi, maana tangu akiwa darasa la tano hakuna tena anayepanda kiti nyumbani kwetu kushusha kitu juu ya kabati. Anacheza mpira wa kikapu. Wiki hiyo kocha alikuwa amebakiza nafasi moja tu katika timu ya mashindano, na waliokuwa wakiigombea ni wawili: Ngazi na mwenzake mmoja mfupi, mwepesi kama panya aliyemwagiwa maji. Jumamosi wangecheza wote, kisha kocha achague.

Sasa, raba zake za zamani zilikuwa zimeshamkataa, vidole vinajikunja mle ndani. Shangazi yake akamletea nyingine, nyeupe, nzuri hasa, zenye shingo ndefu inayofunika kifundo cha mguu. Lakini shangazi naye, kwa kuwa mtoto anakua, alichukua kubwa kidogo. Ngazi akikimbia, kisigino kinachupa juu na kurudi, kinachupa na kurudi, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Akavua soksi, tukaona malengelenge.

Mume wangu, babu yake, ni fundi wa masofa. Kwake yeye hakuna maumivu yasiyotibika kwa sponji. Mimi mwenyewe nikiumwa kichwa huniletea mto.

"Lete hapa, mke wangu," akamwambia mjukuu wake, utani wao wa siku zote. "Nimekalisha watu wa kila umbo mjini hapa. Mguu mmoja utanishinda?"

"Ni miwili, mume wangu. Na usije ukanipigilia misumari."

"Na mimi mke mkubwa siulizwi?" nikasema.

"Wewe mke mwenzangu kaa pembeni, ujana wako ulishaumaliza."

Babu akachagua sponji nyeupe, ile laini kuliko zote, anayoiweka kwenye viti vya sebuleni vya watu wenye nafasi. Akaikata kwa umbo la unyayo, unene wa vidole viwili, akaishindilia ndani. Ngazi akavaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi.

"Babu! Kama nakanyaga mkate!"

"Na ukiruka?" nikauliza.

"Muache kwanza aone raha," babu akanikatiza. "Kuruka kutakuja."

Kulikuja kweli. Alhamisi nilimsindikiza mazoezini nikiwa na chupa yake ya maji. Nilimwona anakimbia kama mtu anayevuka kitanda. Mpira ukarushwa, akaruka, akaudaka juu ya vichwa vya wenzake wote, nikapiga makofi. Akatua. Mguu ukalalia nje, akaenda chini puu, na mpira ukaokotwa na yule mfupi. Akafunga.

Kocha, dada mmoja mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa mzima, akamketisha, akamvua kiatu, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Akanitazama.

"Shikamoo, bibi. Nani kamwekea godoro?"

"Marahaba, mwanangu. Babu yake."

"Mwambie babu pole na kazi. Lakini mguu unaelea humu, hauna pa kushika. Jumamosi akija na viatu hivi, atakaa benchi. Simchezeshi nikamtegua."

Ngazi hakulia mbele za watu. Alijizuia njia nzima, akalia alipofika jikoni, kwenye bega langu, na ilibidi apige magoti ili alifikie.

Babu aliposikia akakuna kidevu. "Nimejua. Sponji haikutosha. Niongeze."

"Ongeza basi, tumpeleke uwanjani amekaa."

"Unanicheka?"

"Nikucheke wapi, mzee wangu. Hebu lete hicho kiatu."

Nikaketi nacho karibu na dirisha. Mimi kitu nikikitazama, nakitazama mpaka kichoke chenyewe. Nilitoa sponji yetu, nikaingiza mkono. Soli ya chini ilikuwa ya mpira mgumu, imechongwa mistari kama mfupa wa samaki, isiteleze. Juu yake tabaka nene, jepesi. Ukilibonyeza linaingia kidogo, halafu linakusukuma. Katikati, chini ya upinde wa unyayo, kibao chembamba kinachokataa kupinda. Na nyuma kabisa, ndani ya kitambaa, kitu kigumu kama nusu ya kikombe, cha kukumbatia kisigino. Kiatu kilikuwa na ulaini wake, na kila ulaini ulikuwa na mlinzi. Nikairudisha sponji, nikapima tena: kisigino kingekuwa juu ya ukingo wa kikombe, kama mtu aliyekaa kwenye mkono wa kiti.

Nikamwita mzee. "Sofa yako, ukitia sponji bila fremu na mikanda, mteja anakaaje?"

"Anazama hadi kwenye mbao. Tena anaanguka upande. Swali gani hilo la..." Akachukua kiatu, akaingiza mkono kama nilivyofanya mimi, akakaa nao humo muda mrefu. "Kumbe hiki kina fremu yake," akasema polepole. "Na mimi nimemkalisha mtoto juu ya fremu."

"Ndani ya fremu ndiko kwake."

Hapo ndipo nilipompenda upya, kwa namna alivyochangamka. Aliingia karakana akatoka na vipande vya sponji ngumu ya kijivu, ile anayoiweka kwenye kingo za viti ili zisibonyee. Akakata tabaka jembamba la kuweka chini. Kisha akakata vipande vinne kama mwezi mchanga, viwili kila kiatu, akavibandika ndani ya shingo, chini kidogo ya kifundo, kushoto na kulia, ili kisigino kikishaingia kisipate njia ya kutoka. Mimi nikashughulikia kamba. Kulikuwa na kitundu cha mwisho kabisa juu ambacho Ngazi hakuwahi kukitumia. Nikapitisha humo, nikavuta nyuma, nikafunga.

"Ruka," babu akasema.

Akaruka pale pale sebuleni, kwenye saruji. Vikombe vikalia kabatini. Akatua, akasimama wima kama nguzo.

"Si mkate tena," akasema.

"Ni nini?"

Akafikiri. "Ni mguu wangu tu, babu. Siusikii."

Jumamosi aliruka mpaka nikaacha kupiga makofi, mikono iliwaka. Yule mfupi alicheza vizuri mno, sitamnyima haki yake. Ila mipira ya juu yote ilikuwa ya Ngazi, na kila akishuka alikuwa ameshageuka kukimbia. Kipenga kilipolia kocha akamrushia fulana ya timu, ikamfunika uso, na wenzake wakamrukia. Yule mfupi naye akaambiwa atasafiri kama wa akiba, akarukaruka kuliko wote.

Babu alikuwa amekwishakaa kwenye lile benchi la wachezaji, analigonga kwa vifundo vya vidole.

"Kocha, ubao huu mkavu unatesa watoto. Niachie wiki moja, nikuwekee sponji ile nyeupe."

"Asante, babu, liache hivyo hivyo," kocha akamjibu. "Ukililainisha, nani atataka kuinuka acheze?"