Plau kwa Mama, Zamu kwa Mikayi

…na imeganda tena, Maxwell kasimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai, "Pamela, hii programu yako imelala ama imekufa?", darasa zima la kompyuta hapa Migori likacheka, na Pamela akaikodolea macho skrini, maana angejibu angemtukana mwalimu, na hasira zenyewe si za Maxwell, ni za asubuhi, za simu ya mama kutoka Lambwe, "Nyathina, mwanangu, mvua inanyesha na shamba langu bado nyasi", nyasi, na plau iko kwa mama, maksai wako kwa mama, lakini hawezi kudondosha hata punje moja kabla mikayi hajapanda, mke wa kwanza wa baba ndiye hufungua msimu, ndiyo mila, na mikayi hana plau, wala hataki kuiomba kwa mke mwenzake, heri afe, mkaidi yule, roho mbaya, yuko radhi boma zima lilale njaa … "uzi wa kwanza umeshika nini?" Maxwell anauliza, mzani, mwalimu, "na unangoja?" kreti, na uzi wa pili umeshika kreti unangoja mzani, kazi mbili alizozituma ziende sambamba ndani ya programu moja ili wanunuzi wa samaki kule Homa Bay wasikae foleni, na sasa hata sato mmoja hajapimwa, kila uzi umekumbatia chake, "sasa mkosaji ni nani?", wa pili, alitaka kusema, wa pili ndio mkaidi, ila vidole vikasita juu ya kibodi, kwa sababu wa kwanza nao haujaachia … haujaachia … na mama alisema nini tena, "mimi nimpelekee plau? aje aniombe, ana miguu", na Pamela, mswaki mdomoni, akaitikia, kweli mama, usimpelekee, akajiona mtetezi, loo, mila ilisema nani atangulie kupanda, haikusema popote kwamba plau isivuke ua, hilo ni la mama, na lake yeye, na mvua haimngoji mtu, inaudhi, inaudhi kuliko mikayi mwenyewe, kuwa na haki na bado kuwa wewe ndiwe fundo … "Pamela, nakungoja," Maxwell anasema, skrini imeganda vilevile, kishale kinawakawaka, na yeye tayari anatafuta namna ya kumwambia mama neno moja ambalo mtoto hamwambii mzazi wake, achia.