Nywele Zilizozikwa Nyuma ya Jiko

Jumatatu asubuhi, akikung'uta mkeka wa kulalia, Bi Zulekha wa Wingwi aliokota nywele arubaini na moja za mjukuu wake Shamima, zote na mizizi yake. Nywele haziachwi ovyo, mwenye nia mbaya akaziokota. Akazizika nyuma ya jiko, akanawa, akarudi kusuka ukili wake wa mkeka.

Alhamisi zilikuwa zimeota. Ijumaa zilimfika magotini, akazitia mafuta ya nazi na kuzichana, maana nywele zisizotunzwa ni aibu ya nyumba. Mbuzi walizinusa wakapita zao.

Shamima alikuwa na miaka tisa, na siku hizo hata kulala alilala na mtandio. Aliyeuvua ni mwalimu wake, Bi Safaa, alipokuja nyumbani. Utosini palikuwa na upara mpana kama kisahani, pembeni vinywele vifupi visivyolingana.

"Si mapunye haya, Bi Zulekha, wala si shetani. Mtoto avuta mwenyewe, na saa nyengine hajijui. Msimpige. Mtizameni avuta saa ngapi, kisha mumpeleke hospitali."

Bi Zulekha alitizama. Ilikuwa alasiri, kila siku. Shamima alikaa kizingitini akiangalia njia, na vidole vikapanda vyenyewe chini ya mtandio. Alasiri ndipo mama yake, Rahma, alipotoka na begi lake, baada ya mumewe Jecha kumpa talaka na kumkataza asikanyage tena. Bibi alikumbuka kuwa siku ile yeye ndiye aliyemshika mtoto mkono asimkimbilie mamake.

Nyuma ya jiko, nywele zililala upande wa kusini. Zilivuka ua, zikashika barabara, na wenye baiskeli wakawa wanazikwepa. Wiki ya tatu Rahma alipiga simu kutoka Wambaa, huko kusini.

"Zimefika mlangoni, mama. Nimezisuka."

Bi Zulekha akamwendea mwanawe, aliyekuwa akifunga vifungo vya kanzu.

"Jecha, mwache Rahma aje amwone mwanawe."

"Nishasema, mama. Asikanyage."

Akaziruka zile nywele kwa uangalifu, asizichafue, akenda msikitini.

Kichwani kwa Shamima hapakuwa tena na cha kushika. Alasiri alikaa kizingitini, akaanza nyusi. Safari hii Bi Zulekha hakumshika mkono. Alikaa ubavuni mwake, akakinga kiganja, akazipokea moja moja za kwenda kuzika.