Mchezo wa Pili wa Souleymane

Ndugu yangu Souleymane alianguka na pikipiki kwenye njia ya Kabambare, kabla ya kufika Lusangi, kwenye daraja la magogo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alikuwa amebeba magunia mawili ya mchele, hakuwa na abiria. Gogo likateleza, yeye akaenda chini, magunia yakamfuata. Watu wa shamba walimtoa majini na kumbeba kwenye machela mpaka kwa daktari, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba mgongo umevunjika na miguu haitarudi.

Wakati huo binti yake, Mounira, alikuwa na miaka mitano.

Mama Mounira alimuuguza mwaka mzima. Sitamsema vibaya. Alimwosha, alimlisha, alimfukuzia nzi. Kisha kaka zake wakaja kutoka Nyangwe, wakakaa uani kwetu tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kusema walichokuja kutafuta, na Souleymane akawaita ndani akatoa talaka kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Mtoto alikuwa na miaka sita alipopakiwa kwenye pikipiki mbele ya mama yake. Hakulia. Alifikiri anaenda kutembea.

Nikabaki na Souleymane mimi, dada yake mkubwa, Chadia, mjane asiye na mtoto, muuza vitenge katika soko la Kasongo.

Karibu na kibanda changu kuna duka la Bulaimu. Anachajia watu simu, anawawekea nyimbo na filamu, na nyuma ana chumba chenye kompyuta ambamo vijana wanacheza mpira wa kwenye kioo. Bulaimu na Souleymane walisoma pamoja. Siku moja alileta nyumbani kompyuta kuukuu ambayo mteja mmoja aliiacha dukani na hakurudi kuichukua. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu. Ni mchezo wa maisha: unatengeneza watu, unawapa sura na majina, unawajengea nyumba, unawapikia, unawatuma kazini, unawalaza. Hakuna kushinda wala kushindwa. Wanaishi tu.

Souleymane alitengeneza mwanamume, mwanamke na msichana wa miaka sita. Msichana huyo akampa jina la Mounira. Tuliweka ubao juu ya kifua cha Souleymane, kompyuta juu ya ubao, na waya ukapita dirishani kwenda kwenye paneli ya sola.

Mwanzoni niliudharau. Mtu mzima na vidoli! Lakini nilikuwa narudi sokoni jioni namkuta ana habari.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "Mounira leo amekataa kuoga."

Moyo wangu ulikuwa unaruka kidogo, kisha nakumbuka ni Mounira yupi. Nikazoea. Mwisho nikawa nauliza mimi mwenyewe, hata kabla sijavua viatu: amekula? amelala? Na yeye ananijibu kama baba yeyote anavyojibu, kwa kulalamika na kucheka.

Miaka ikapita hivyo, minne. Halafu siku moja nilimkuta anamtazama tu yule msichana kwenye kioo.

"Huyu mutoto hakomae," akasema. "Tangu nilimutengeneza iko na miaka sita. Anaenda masomo kila siku, anarudia palepale. Yaya, mutoto wangu sasa iko na kumi. Mimi sijue uso wake wa miaka kumi."

Nilikwenda kuwasha mkaa.

Haikupita mwezi, Bulaimu akaja na habari. Mchezo ule ulikuwa umetoka wa pili. Mjomba wake alimletea kutoka Bujumbura. Ndani ya huo wa pili watoto wanakua, wazima wanazeeka, wanapata mvi.

Souleymane akamwangalia Bulaimu kama mtu aliyeitwa jina lake katika kundi la watu.

"Ninaitaka," akasema.

Tangu aanguke sikuwa nimelisikia neno hilo kwake. Alikuwa akisema "sawa", "acha", "inatosha". Kwa hiyo kesho yake asubuhi nilifunga kibanda kabla ya wateja, nikaenda kwa Bulaimu kumuuliza kama unafaa kununuliwa. Maana haukuwa mchezo peke yake. Kompyuta yetu isingeuweza, kwa hiyo ilibidi kununua na nyingine. Nilikuwa na mtaji wangu wa robota la vitenge, basi.

Bulaimu angeweza kuniuzia siku ileile. Badala yake alinivutia kiti.

"Dada Chadia, nitakuambia ukweli. Muchezo iko muzuri. Nyumba zake, nguo, vile watu wanatembea, unaweza kusema ni watu kabisa. Lakini watu wa ule wa kwanza hawavuke. Utaanza upya, watu wapya. Na kwa mutu anatafuta tu kupitisha saa, ata ule wa kwanza unatosha."

"Na kwa Souleymane?"

Akashika kalamu, akaiweka.

"Kwa Souleymane, sijue. Mumulete hapa ajaribu, mbele ya kununua."

Nilipomweleza Souleymane, alikubali mara moja, lakini alikuwa na sharti. Hakutaka kumtengeneza mtoto kwa kukisia.

"Enda Nyangwe, Yaya. Umuangalie muzuri. Urudi uniambie vile iko."

Nilipanda pikipiki alfajiri, nikafika mchana na vumbi hadi kwenye kope. Mama Mounira ameolewa pale na mfanyabiashara wa samaki, mtu mpole, nyumba ya mabati, watoto wawili wadogo. Aliponiona mlangoni alishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "ingia. Lakini tafadhali, usiseme wewe ni nani."

Sikuelewa. Akanipeleka jikoni, nyuma ya nyumba, na hapo, huku akitazama njia kila mara, akanieleza.

"Alikuwa analia kila siku. Kila siku, wifi. Anataka kurudi kwa baba yake. Mara mbili tulimukamata njiani na kimufuko chake. Nikaona atapotea ku pori. Nikamuambia baba yake alikufa. Akalia siku tatu, kisha akanyamaza, akaanza kula. Sasa nitamuambia nini?"

Nilitaka kumtukana. Maneno nilikuwa nayo. Lakini alikuwa analia bila sauti, na mkono mmoja bado ulikuwa unakoroga sufuria ili ugali usiungue, na nikaona kwamba kama ningekuwa mimi labda ningefanya vilevile.

Mounira alirudi mtoni na ndoo kichwani. Nilimtambua kabla hajafika. Shingo ile ni ya mama yetu, marehemu. Amekuwa mrefu, ananifika begani. Uso umekuwa mwembamba. Nywele zimesukwa mistari inayokwenda nyuma, na kwenye goti ana kovu ambalo silijui. Yeye, kwa miaka minne na vumbi lile usoni mwangu, hakunitambua. Akapiga goti kidogo kunisalimia, kama mtoto aliyefundishwa.

"Ni mama mumoja wa Kasongo," mama yake akamwambia. "Anauza vitenge."

"Karibu, mama," Mounira akaniambia, na akanipa maji ya kunywa katika kikombe cha plastiki.

Nilikunywa polepole, kwa sababu alikuwa amesimama akisubiri kikombe, na nilijua nikimaliza ataondoka. Niliomba kumpiga picha. Mama yake akakataa kwa kutikisa kichwa: picha inatembea, inaonwa, inaulizwa. Basi nikamtazama tu, nikahifadhi kichwani kila nilichoweza.

Niliporudi nilimweleza Souleymane yote. Urefu, shingo, nywele, kovu, jinsi anavyocheka ameziba mdomo kwa mkono. Alinifanya nirudie. Aliuliza kama anasoma, nikasema anasoma. Aliuliza kama yule baba mwingine anampiga, nikasema hapana, ni mtu mpole. Jambo moja sikumwambia.

Ijumaa, baada ya sala, Bulaimu alileta mkokoteni wa kubebea magunia, tukautandikia godoro, tukamsukuma Souleymane hadi dukani. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka hajatoka nje ya ua. Watu walimsalimia njia nzima, wengine kwa furaha kubwa mno, na yeye aliinua mkono kila mara hadi ukachoka, kisha akaanza kuinua vidole tu.

Bulaimu alikuwa amewaondoa vijana wake. Akamweka mbele ya kioo, akampa panya ya kompyuta mkononi, akamwonyesha pa kuanzia.

Alianza na mtoto. Alitumia karibu saa nzima kwenye uso peke yake. Kila kidogo ananigeukia: "Pua hivi? Macho yako mbali zaidi?" Nami nasema panua, punguza, hapo, hapo. Ilipofika shingo hakuniuliza, aliichora mwenyewe. Na kweli, Mungu ni shahidi, msichana aliyesimama kwenye kioo kile alikuwa yule aliyenipa maji Nyangwe. Souleymane alimwangalia muda mrefu bila kubonyeza kitu.

"Basi iko hivi," akasema.

Kisha akatengeneza baba, na nyumba, na akaacha siku zitembee.

Bulaimu hakutudanganya, ulikuwa mzuri. Jua lilichomoza, nguo zikakauka kwenye kamba, mtoto akaenda masomo, akarudi, akaketi mezani na baba yake. Siku za mchezo zinakwenda mbio. Tulimwona akirefuka. Mara ana miaka kumi na mbili, mara kumi na tano, na Souleymane alikuwa anacheka, machozi yanamshuka na hana habari nayo. Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa, msichana alikuwa mwanamke. Akakusanya nguo zake, akachukua begi, akatoka mlangoni.

"Anaenda wapi?" Souleymane akauliza.

"Wakikomaa wanatoka, wanaanza kwao," Bulaimu akasema. "Lakini unaweza kumufuata. Bonyeza hapa."

Akabonyeza. Tukamwona katika nyumba yake, anapika, anafungua dirisha, anapokea mgeni. Souleymane akarudi kwenye nyumba ya kwanza. Baba alikuwa ameanza kupata mvi. Akainuka kwenye kiti, akaenda kuosha sahani yake moja.

"Sikumutuma," Souleymane akasema.

"Hii ya pili wanajituma wenyewe."

Ndugu yangu akaondoa mkono juu ya panya. Tuliendelea kutazama, sote watatu. Yule mzee akaosha sahani, akaifuta, akaenda kulala bila kuamriwa na mtu. Kisha Souleymane akaniuliza, macho bado kwenye kioo:

"Yaya. Mounira anajua niko muzima?"

Njia nzima kutoka Nyangwe nilikuwa nimeliandalia swali hili jibu. Lilikuwa jibu zuri. Nikafungua mdomo, likatoka lingine.

"Walimuambia ulikufa."

Bulaimu akasimama, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza."

"Alilia?"

"Siku tatu."

"Siku tatu," akasema. Akatikisa kichwa, kama anajaribu kuona kama ni nyingi au ni kidogo. "Sawa. Turudi."

Njiani hakumpungia mtu mkono.

Usiku ule sikulala, nikawa nasubiri anitukane kwa kumficha. Hakunitukana. Kesho yake nilimwambia nitarudi Nyangwe, nitamkalisha mama Mounira, nitamwambia mtoto mimi ni shangazi yake na baba yake yupo. Hapo tu ndipo alipopandisha sauti.

"Kisha? Atataka kuja. Akija atanikuta hivi. Atakaa siku mbili, atarudia kwao, na atalia tena. Mara hii atalia juu ya mutu anamujua. Umuache, Yaya. Unasikia? Umuache."

Nikasikia.

Nilifikiri angalau angerudi kwenye mchezo wa zamani. Siku ya tatu niliweka ubao kifuani kwake, nikawasha kompyuta. Yule msichana wa miaka sita alikuwa mezani palepale tulipomwacha, sahani tupu mbele yake, anapunga mikono kuonyesha ana njaa. Souleymane alimtazama kidogo tu.

"Zima, Yaya."

"Ana njaa."

"Zima."

Nikazima. Niliona haya kwa jinsi kidole changu kilivyokuwa kizito, kwa ajili ya mtoto asiyekuwapo.

Bulaimu alikuja wiki iliyofuata kuuliza tumeamua nini, maana kulikuwa na fundi wa simu aliyeutaka mchezo ule.

"Mumupe," Souleymane akasema. "Muchezo iko muzuri, hukudanganya. Uuze kwa ule mwenye iko na kwenye kuenda. Na hii ordinatere yako, uibebe."

Bulaimu aliibeba ile kompyuta kwapani, waya ukiburutika. Hajaacha kuja kumsalimia, lakini hakai sana. Hawana tena la kuzungumza.

Mtaji wangu niliununulia robota. Vitenge vyenyewe havikutoka vizuri mwaka huu, barabara ilikatika na wateja wa vijijini hawakuja. Souleymane amepata kidonda mgongoni ambacho hakifungi. Nakiosha asubuhi na jioni. Haulizi tena sokoni kuna nini, wala nani amefunga ndoa, wala bei ya mchele.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa Nyangwe aliyekuja kuuza samaki waliokaushwa aliniambia kwamba Mounira amekuwa wa kwanza darasani. Nilifika nyumbani mbio. Nilimwambia hata kabla sijatua mzigo.

"Ni vizuri," akasema.

Nikangoja. Nilidhani atauliza ni darasa la ngapi.

"Yaya, nigeuze," akasema. "Bega inaniuma."

Nikatua mzigo, nikamgeuza.